Mafia Mikononi mwa Wageni Wake

Mafia imeandikwa zaidi na wageni kuliko na wenyeji wake, na yamkini ndiyo sababu imefahamiwa vibaya. Kosa la kwanza ni la jina. Mtu wa Ulaya alisikiapo hucheka au hushtuka, maana kwake ni jina la genge la wahalifu wa Sicily. Lakini neno hilo la Sicily lilienea baada ya mchezo wa kuigiza wa mwaka 1863, ilhali Wareno walikuwa wakikiita kisiwa hiki Monfia tangu karne ya 16, na tarikhi ya kale ya Kilwa inakitaja. Kosa la pili ni kudhani kuwa Mafia ni sehemu ya Zanzibar. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, na makao yake makuu ni Kilindoni. Makosa haya mawili ni madogo, tena husahihishwa kwa dakika moja. La tatu ndilo zito, nalo ni imani kwamba kisiwa hiki hakijaguswa bado, kwamba kimekaa kando ya dunia kikimngoja mtu wa kwanza mwenye fedha au kalamu.

Imani hiyo haiwezi kusimama mbele ya magofu. Huko Kisimani, rasi ya magharibi ambayo bahari inaendelea kuila, Neville Chittick alichimba mabaki ya mji wa kale akatoa taarifa yake mwaka 1961. Kua, katika kisiwa cha Juani, ni mji wa mawe wenye misikiti na majumba, ulioangamia karibu na mwaka 1829 uliposhambuliwa na Wasakalava wa Bukini. Mwaka 1890 Mafia iliingizwa katika milki ya Wajerumani kwa mapatano yaliyofanywa mbali na pwani hii. Januari 1915 Waingereza waliitwaa, na katika Julai ya mwaka ule ndege zilizoruka kutoka kisiwani zikaelekeza mizinga iliyoiangamiza manowari Königsberg katika delta ya Rufiji. Kisiwa kilichopitiwa na mikono mingi namna hii chaweza kuitwa maskini, au kilichosahauliwa na serikali baada ya serikali. Kuitwa kisichoguswa ni dhihaka.

Wenyeji wana hadithi ya miji hiyo miwili, ambayo wageni wengi wameisimulia pasipo kuitafakari. Yasemwa watu wa Kisimani waliunda chombo kikubwa, wakawaalika watu wa Kua waje kukishuhudia kikishushwa majini. Walipofika, watoto wao walikamatwa, wakafungwa, wakalazwa mchangani, na chombo kikapitishwa juu yao. Watu wa Kua hawakulipiza siku ile. Walinyamaza miaka kadhaa, hata wenzao wakadhani mambo yamesahauliwa. Ndipo nao walipoalika watu wa Kisimani kwenye harusi. Chumba cha karamu kilikuwa chini ya ardhi. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja wa kuwashughulisha wageni kwa mazungumzo, na mlango ukazibwa kwa mawe na chokaa.

Wataalamu huuliza kama mambo hayo yalitukia kweli. Swali hilo ni la haki, lakini mhakiki ana swali lingine la kuuliza kwanza: hadithi inamlaumu nani? Haimlaumu mgeni kwa kuwa ni mgeni. Katika nusu zake zote mbili mauaji huanza kwa mwaliko, na kinachosherehekewa ni kitu chema: chombo, ambacho ni nyenzo ya biashara, na harusi, ambayo ni nyenzo ya udugu. Waliotunga hadithi hii walijua kuwa ukarimu na biashara hukaa nyumba moja, na kwamba aalikwaye kwenye sherehe ya jahazi jipya hana budi kuuliza litapita juu ya nani. Kwa kipimo hicho vitabu vya wageni vyaweza kusomwa vizuri kuliko kwa kipimo chao wenyewe.

Oscar Baumann hatatuchukulia muda. Kitabu chake cha mwaka 1896 kinahusu Mafia na visiwa vyake vidogo, nacho kiliwekwa chini ya anwani ya visiwa vya Zanzibar ingawa bendera ilikuwa imekwisha kuwa ya Wajerumani. Ni kazi ya mpima nchi, na mpima nchi huona vizuri kile kinachokaa kimya.

Pat Caplan, aliyefika kaskazini mwa kisiwa mwaka 1965 na kurudi mara nyingi baadaye, ni mwandishi wa namna nyingine. Kitabu chake cha mwaka 1975, Choice and Constraint in a Swahili Community, ni kigumu. Mwanafunzi asiyezoea elimu ya koo hukifunga kabla ya kufika katikati. Ni hasara yake, maana humo mna jambo ambalo kila mwenye kutaka kufanya biashara Mafia angepaswa kulijua kabla ya kupanda chombo. Mtu wa huko huhesabu nasaba kwa baba na kwa mama pia, hata akawa na haki katika zaidi ya ukoo mmoja, na kwa haki hiyo hupata ardhi ya kulima. Ardhi ni ya ukoo, lakini mnazi uliopandwa juu yake ni mali ya mtu, aweza kuuza au kurithisha. Basi mgeni akiuliza, "Shamba hili ni la nani?" atajibiwa kweli na watu watatu kwa majibu matatu, naye ataondoka akisema kuwa wenyeji hawana msimamo. Kumbe swali lake ndilo lililokuwa na upungufu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka mamlaka mikononi mwa halmashauri na mkutano wa kijiji, na hiyo ni kinga njema. Lakini muhuri wa kijiji haumwambii mtu ni nani aliyepanda mnazi.

Christine Walley aliandika Rough Waters mwaka 2004 baada ya kukaa Chole. Somo lake ni Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa sheria ya mwaka uliotangulia. Anaitazama hifadhi hiyo kama mchezo wenye wahusika wengi: wavuvi, maofisa, wataalamu wa kigeni, wenye hoteli. Uzuri wa kitabu ni kwamba hakimfanyi mwenyeji kuwa adui wa bahari. Wavuvi wa Mafia walikuwa wamechoshwa na wavuvi wa baruti waliokuja kuvunja matumbawe, na wengi waliipokea hifadhi kwa tumaini. Uchungu ulikuja walipoona kuwa vikao waliitwa, lakini uamuzi ulikwisha kukatwa kwingine. Hapa jahazi la Kisimani linaonekana waziwazi, ingawa Walley halitumii hivyo. Watu walialikwa kushuhudia jambo jema likishushwa majini. Pungufu la kitabu ni lugha yake: kurasa nyingi hujadiliana na wanazuoni wa Marekani, na sauti ya Chole hungoja zamu yake mlangoni.

Hata hivyo, ukilinganisha na vitabu vya kuongoza watalii, Walley ni mkarimu mno. Katika hivyo vingine mhusika mkuu ni potwe, papa mkubwa kuliko samaki wote, aonekanaye karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi. Potwe hana malalamiko, na pengine ndiyo sababu waandishi humpenda. Baada yake hufuata fukwe, kisha "watu wakarimu", maneno mawili, basi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Waandishi hawa wameshika nusu ya kwanza. Haikanushiki kuwa watalii huleta mishahara na ada, na zipo nyumba zinazokula kwa kazi hiyo. Lakini msomaji wa vitabu hivyo hajifunzi kamwe kuwa kupona kwa mwenyeji ni sehemu ya mapatano, wala kuwa mwenyeji huhesabu.

Aliyeonyesha vizuri kuwa mwenyeji huhesabu ni Caplan tena, katika African Voices, African Lives ya mwaka 1997. Humo mwanakijiji anayeitwa Mohammed, jina la kumsitiri, anasimulia maisha yake, na sehemu ya kitabu ni kumbukumbu za kila siku alizoziandika kwa mkono wake kwa ombi la mgeni huyo. Mkewe na binti yao nao wana sura zao, na hawakubaliani naye katika kila jambo. Hapa Mafia haingoji mtu. Ina madeni, maradhi, mashetani, harusi na bei za vitu. Mtu anaandika leo alichokula na aliyemzika. Mgeni amepunguza sauti yake mwenyewe, ijapokuwa ni yeye aliyeuliza na ni yeye aliyechagua. Ni kitabu bora kuliko vyote vilivyotajwa hapa. Lakini kalamu ya Mohammed ilikuwa ya Kiswahili, na kitabu ni cha Kiingereza. Msomaji wa Kilindoni akifungua kurasa hizo ili asikie namna mwenzake wa kaskazini alivyounga sentensi zake, atakayemsikia ni mfasiri.