Dude Likishaonekana

Filamu nyingi za sehemu ya pili hurudi kuchuma pale pale ilipochuma ya kwanza. Aliens ya James Cameron, iliyotoka mwaka 1986, ilirudi na kazi yake yenyewe, na ndiyo maana naitetea kila ubishi kuhusu filamu za sehemu ya pili unapozuka.

Ya kwanza, Alien ya Ridley Scott, ni ya 1979. Watu saba na paka mmoja wamo ndani ya Nostromo, chombo cha mizigo cha angani, na dude moja linawawinda. Scott analificha. Aliyevaa ngozi yake ni Bolaji Badejo, kijana wa Kinigeria aliyekuwa akisomea sanaa ya michoro London, mwembamba, mrefu kupita mita mbili. Kamera inamtoa kwa vipande: taya, mkono, mkia unaoshuka taratibu. Filamu inakwisha hujui umbo lake lote.

Cameron alijua siri hiyo imeshatoka. Basi akaacha kuficha, akazidisha. Na hapo ndipo ufundi ulipo, kwa sababu mavazi ya majitu aliyokuwa nayo yalihesabika kwa vidole. Jeshi zima la majitu tunaloliona limetengenezwa kwa giza, moshi na mkono wa mhariri Ray Lovejoy, yule yule wa 2001: A Space Odyssey, anayekata picha kabla jicho halijahesabu.

Kisha anakuja malkia wa majitu hayo. Stan Winston na mafundi wake walimjaribu kwanza kwa kiunzi kilichofunikwa mifuko myeusi ya taka, ndipo wakamjenga mwenyewe, kimo chake zaidi ya mita nne. Watu wawili walijibana kifuani mwake wakichezesha mikono yake minne, kreni ikabeba uzito, wengine wakavuta na kusukuma miguu kutoka nje. Hakuna kompyuta. Lakini kichwa kile kikigeuka kumtazama Ripley, shujaa wa filamu zote mbili, unaona kabisa hasira ya mama aliyechomewa mayai yake.

Ripley naye ni mama. Amelala usingizini angani miaka 57, na akiamka anaambiwa bintiye ameshazeeka na kufa. Tukio hilo liliondolewa kwenye toleo la sinema, likarudishwa baadaye katika toleo refu. Kwangu halikupaswa kuguswa kamwe: bila hilo, Newt, mtoto ambaye Ripley anamwokota kwenye koloni, anakuwa mtoto yeyote tu.

Ukimya wa Scott, Cameron hana. Wanajeshi aliowapa Ripley wafuatane naye wanapayuka mno, na nusu saa ya kwanza ya Alien haina mpinzani. Ila Scott alituachia mwanamke aliyenusurika, tukabaki hatumjui. Cameron akampa msiba, mtoto wa kulinda, na adui mwenye uchungu kama wake. Sigourney Weaver, anayemcheza Ripley, aliibeba kazi hiyo hadi akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike, heshima ambayo filamu za majitu ya angani hazikuwa zikipewa.