Kuunyamazisha Mlango

Shika spika ya inchi sita na nusu mkononi, usiifunge popote, uiunganishe na redio. Utasikia maneno ya mwimbaji na visahani vya dramu, lakini gitaa la besi hulisikii. Spika si mbovu. Koni inaposukuma hewa mbele, papo hapo huivuta kwa nyuma. Msukumo na mvuto vinazunguka ukingo wa spika, vinakutana na kufutana. Sauti nyembamba zinaponea kwa kuwa mawimbi yake ni mafupi. Wimbi la 100 Hz lina urefu wa karibu mita tatu na nusu, na kwa wimbi la ukubwa huo duara la sentimita 16 si kizuizi. Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa kampuni ya General Electric huko Marekani walioieleza spika ya koili na koni mwaka 1925, walilielewa jambo hili: spika inahitaji ubao wa kutenganisha pumzi ya mbele na ya nyuma.

Ndani ya gari, ubao huo ni mlango. Ni ubao mbovu kuliko wote ambao mtu angeweza kuuchagua. Bati la nje halifiki hata unene wa milimita moja. Bati la ndani limetobolewa matundu makubwa ili mkono wa fundi ufikie mashine ya kioo, na matundu yenyewe yamezibwa kwa nailoni. Kati ya mabati hayo mawili kuna kioo kinachopanda na kushuka, vyuma vya kitasa, nyaya, na maji ya mvua yanayoteremka kila siku ya masika. Ugonge kwa kifundo cha kidole usikie: debe tupu haliachi kuvuma. Mtu hununua spika za bei kubwa, anazifunga kwenye debe hilo, kisha analalamika kwamba ameuziwa feki.

Mafundi wa redio za magari ninaowapenda, wale wachache wa Dar es Salaam ambao gereji zao hazina kelele, wanalijua hili kwa mikono. Kwao spika ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kuufanya mlango usiimbe, ili kinachoimba kiwe koni peke yake.

Na kinachotafutwa hapo ni kitu chembamba mno katika hesabu, ingawa kwa sikio ni kikubwa: sauti za kuanzia takriban 80 Hz hadi 250. Humo ndimo unamokaa uzito wa sauti ya mwanamume, mpigo wa tumba, na mwili wa gitaa la besi. Uzi mnene wa gitaa hilo hutoa 41 Hz, lakini sehemu kubwa ya tunachokitambua kama noti iko juu yake, kwenye 82 na 123. Cheza wimbo wowote wa zamani wa bendi za Mlimani Park au Msondo kwenye gari lenye milango mibovu: magitaa ya juu yanasuka vizuri, tarumbeta zinaingia, lakini besi, ambayo ndiyo inayowabeba wote, imebaki mngurumo usio na noti. Wengi hukimbilia sabufa kwenye buti. Sabufa ni nzuri kwa chini kabisa. Ukiipandisha hadi ijaze pengo hili, sikio linaanza kutambua kwamba mpiga besi amekaa nyuma ya kiti cha abiria na wenzake wako mbele kwenye dashibodi. Kazi hii ni ya milango, haina mbadala.

Chukua Toyota ndogo, kama hizi IST zilizojaa mjini. Spika za kiwandani mara nyingi zimefungwa kwa riveti, basi fundi huanza kwa drili, kwa taratibu, bila kulipanua tundu. Vumbi la chuma linafyonzwa lote. Likibaki, sumaku ya spika mpya italivuta hadi ndani ya koili. Nailoni inabanduliwa pamoja na ile gamu nyeusi inayoganda vidoleni kwa siku nzima. Fundi asiye na subira huishia hapo, anafunga spika mpya kwa skrubu tu, anadai pesa.

Mwenye subira anaingiza mkono kupitia matundu na kuanza na bati la nje. Analifuta kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe, kwa sababu gundi haishiki vumbi. Kisha anagonga, anasikiliza, anagonga tena pembeni. Pale bati linapolia sana ndipo anapobandika kipande cha mpira wa butili chenye ngozi ya alumini, unene wa milimita mbili hivi. Hafuniki bati lote. Bati linapojikunja, butili inavutwa kati yake na ile alumini, na mtikisiko unageuka joto dogo lisilohisika. Kwa hilo robo au nusu ya eneo inatosha, mradi kila kipande kimeshikwa barabara. Ndiyo maana rola ndogo ya chuma haimtoki mkononi. Anakandamiza hadi michoro ya alumini ilale, akiusogeza mkono mahali asipopaona, akiongozwa na ncha za vidole. Wapo wanaotumia shuka za lami za kuezekea kwa kuwa ni rahisi. Siwaungi mkono. Gari likishinda juani, lami inalainika, inanuka, na mwishowe inadondoka juu ya mashine ya kioo.

Kuna matundu ambayo hayaguswi kamwe: yale ya chini kabisa ya mlango, yanayotoa maji. Fundi akiyaziba kwa bidii, mlango utaoza kutoka ndani, na mwenye gari hatajua mpaka kutu itokeze.

Bati la ndani lina kazi nyingine. Hapa pumzi ya nyuma ya koni inatafuta njia ya kurudi mbele, na kila tundu ni mlango wazi. Matundu madogo yanazibwa kwa butili ileile. Kwa makubwa, butili tupu hujaa na kunywea kama ngozi laini kila besi inapopiga, na nguvu inapotelea humo. Fundi hodari hukata bamba la alumini, analikunja lifuate umbo la mlango, analifunga kwa bolti ndogo juu ya ukanda wa sponji. Nilimwona mteja akimuuliza mmoja wao, “Fundi, si ungebandika tu moja kwa moja?” Akajibu bila kuinua kichwa, “Bosi, mashine ya kioo itakufa siku moja. Atakayekuja kuifungua naye ni fundi.” Nimekuwa nikilikumbuka jibu hilo kila ninapoona kazi iliyofanywa kwa ajili ya leo tu.

Halafu pete. Spika haifungwi kwenye bati lenyewe. Inakaa juu ya pete nzito inayoliongezea bati ugumu na kuisogeza spika karibu na kava la mlango. Ubao wa MDF ni laini kukata, ila ikinywa maji inavimba, na ndani ya mlango maji hayakosi. Plaiwudi ya boti iliyopakwa vanishi pande zote inadumu. Wengine hukata pete kutoka kwenye ubao mnene wa plastiki wa kukatia nyama, nao ni uamuzi wa akili: haunywi maji, hauozi, ni mzito. Kabla ya kupima kina, kioo kinateremshwa chote, maana sumaku iliyokaa vizuri kioo kikiwa juu inaweza kukivunja kikishuka. Ukingo wa ndani wa pete, upande wa nyuma, unachongwa kwa mshazari ili koni ipumue. Pete nene isiyochongwa huibana hewa ya nyuma. Bolti zinakazwa kwa kuvuka, moja huku na nyingine mkabala wake, fremu ya spika isipinde.

Kati ya spika na kava kunabaki nafasi. Sauti ikitoka na kuingia humo, itazunguka nyuma ya kava na kulitikisa, badala ya kupita kwenye wavu kuja masikioni. Duara la sponji isiyonyonya maji, lililobanwa kiasi, linaimaliza nafasi hiyo. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika orodha, na ndicho kinachosahaulika zaidi.

Baadaye ndipo unapokuja ukaguzi unaoniteka kuliko yote. Fundi anacheza mlio mmoja unaopanda polepole kutoka 40 Hz hadi 300, kiganja kikiwa juu ya kava. Kwenye 90 klipu moja inalia. Kwenye 130 ni chuma cha kitasa, nacho kinavishwa utepe wa sponji. Kwenye 170 kitu fulani kinazizima, na inamchukua muda kugundua kuwa ni soketi ya waya iliyoachwa ikining’inia. Kava linafunguliwa tena, na tena. Hakuna anayemlipa kwa kila mara anayolifungua. Mlango wa dereva una swichi nyingi na nyaya nyingi kuliko wa abiria, basi hachukulii kwamba uliotulia kwa 130 upande huu utatulia kwa 130 upande ule.

Ampu inawekewa chujio karibu na 80 Hz, ili koni zisihangaike na kazi ya sabufa. Halafu, kabla ya kurudisha kava la mwisho, anachukua betri ndogo ya volti moja na nusu, anagusisha nyaya za kila spika, chanya kwa chanya, na kuangalia koni inaenda wapi. Zote mbili zinapaswa kuruka nje. Mlango mmoja ukiunganishwa kinyume, koni moja inasukuma wakati mwenzake anavuta, zinafutana katikati ya gari kama zilivyofutana pande mbili za spika tupu, na saa zote za butili, bamba na pete zinakuwa bure. Ndiyo maana anagusa mara mbili kila upande, hata kama rangi za nyaya zinaeleweka.