Sifa za Mkono Mtupu

Ukitaka kumjua fundi wa kiini macho, usimngoje jukwaani akitoa njiwa kofiani. Kaa naye meza moja, umpe sarafu yako mwenyewe. Hapo hana pazia, hana taa za rangi wala msaidizi wa kukuzuga.

Tendo lenyewe la kuipoteza sarafu hiyo ni fupi. Sarafu imeshikwa kwa ncha za vidole vya kushoto. Mkono wa kulia unaijia, gumba likipita chini yake na vidole juu. Papo hapo vidole vya kushoto vinalegea, sarafu inadondokea kwenye kiganja cha kushoto, na mkono wa kulia unafumbwa na kuondoka mtupu. Ukifumbuliwa, hamna kitu.

Wengi hudhani kazi ni kuficha sarafu. Kazi ni huo mkono mtupu. Nusu dola, sarafu wanayoipenda mafundi wa Marekani, ina kipenyo cha zaidi ya milimita 30. Mkono unaodai kuishika sharti ufumbwe kwa kuiachia nafasi, usikazwe kama ngumi ya mgomvi. Fundi naye huutazama mkono huo, maana macho ya watazamaji huyafuata ya kwake. Wa kushoto, wenye mali, hushuka taratibu kama usiohusika. Ndiyo maana fundi hujifunza mbele ya kioo: mara aichukue sarafu kwelikweli, mara ajifanye kuichukua, hadi asione tofauti.

Mwaka 1584, Mwingereza Reginald Scot alichapisha The Discoverie of Witchcraft, kitabu cha kuwatetea watu waliosingiziwa uchawi. Humo alieleza waziwazi jinsi fedha inavyofanywa ionekane imehama mkono mmoja hadi mwingine, ili watu wajue kwamba maajabu kama hayo ni wepesi wa vidole, si kazi ya shetani. Basi siri hii imeanikwa kwa zaidi ya miaka 400, na sarafu bado inapotea mbele ya macho yetu. Kuijua siri hakumfanyi mtu fundi. Mazoezi ndiyo yamfanyayo.

Kwa hiyo ukimkuta mwenye ustadi huu, usimwite mchawi, wala usimwite tapeli. Tapeli huondoka na pesa yako, huyu hukurudishia. Mpigie makofi, na ukijaliwa, mwachie hiyo sarafu.