MSAMAHA BILA KURUDISHA? Tahakiki ya Mahubiri Yetu juu ya Neema, Kujitoa na Msamaha katika Wilaya za Mbulu na Hanang

Utangulizi

Katika sharika zetu za Mbulu na Hanang maneno matatu husikika karibu kila juma: neema, kujitoa na msamaha. Tunayasikia katika ibada za Jumapili, katika semina za neno la Mungu, katika mikutano ya uamsho na katika shuhuda za vikundi vya maombi. Hayo ni maneno ya msingi ya Injili, wala makala hii haikusudii kuyapunguzia uzito. Inakusudia kuhakiki namna tunavyoyahubiri. Swali letu ni moja: katika mahubiri haya, ni nani anayeambiwa alipe gharama?

Tunaandika tukiwa watu tuliohubiri vivyo hivyo. Mmoja wetu aliwahi kuitwa kusuluhisha ugomvi wa mpaka kati ya mjane na shemeji yake. Mpaka ulikuwa umesogezwa. Hilo halikubishaniwa hata na shemeji mwenyewe. Neno lilisomwa, maombi yakafanyika, wawili wale wakapeana mikono, na shangwe ikawa kubwa. Jumapili iliyofuata walishiriki Meza ya Bwana pamoja. Lakini mpaka ulibaki pale pale uliposogezwa, na msimu wa kulima ulipofika yule mjane alilima kipande kilichobaki. Hakuna aliyemwuliza tena habari hiyo, kwa kuwa ilihesabiwa kuwa imekwisha. Makala hii imetokana na aibu ya tukio hilo.

Mathayo 18 na jinsi tunavyoisoma

Andiko tulilolitumia siku ile ndilo litumikalo karibu kila mahali: mfano wa mtumwa asiyesamehe (Mt 18:21-35). Mahubiri huanza na swali la Petro juu ya mara saba, yakaendelea na deni la talanta elfu kumi na lile la dinari mia, yakaishia na onyo kwa asiyesamehe. Kwa kawaida mwenye kuonywa ni yule anayelalamika.

Usomaji huo una kasoro tatu. Kwanza, unaanza katikati ya sura. Kabla ya swali la Petro, Bwana ametoa utaratibu mzima (mst. 15-20): ndugu akikukosea, uende ukamwonye, asiposikia, uchukue mashahidi, asipowasikia hao, uliambie kanisa. Msamaha wa sabini mara saba umewekwa katika jumuiya ambayo kosa limekwisha kutajwa kwa jina lake. Tukianza mstari wa 21, tunataka tunda la mti ambao hatukuupanda.

Pili, usomaji huo unabadilisha watu wa mfano. Anayehukumiwa si mnyonge anayedai haki yake. Ni mtu aliyesamehewa deni lisilolipika, kisha akamkaba koo aliye dhaifu kuliko yeye. Katika mfano mdai ndiye mwenye nguvu. Sisi tumeugeuza tukawasomea wakabwao kana kwamba wao ndio wakabaji.

Tatu, tunawasahau wajoli. Mstari wa 31 unasema waliyaona yaliyotendeka, wakasikitika sana, wakaenda kumweleza bwana wao. Bwana yule hakuwakemea kwa kukosa roho ya msamaha. Aliwasikiliza, na habari waliyoileta ndiyo iliyomfanya achukue hatua. Katika suluhu ya mjane tuliyoitaja sisi wahubiri tulikuwa wajoli. Tuliona, lakini hatukueleza.

Ardhi ya Hanang

Mtu aweza kusema kuwa ugomvi wa mpaka ni jambo dogo la ukoo. Lakini kosa hilo hilo limetokea katika nchi yetu kwa kipimo kikubwa, na mchungaji atumikaye Hanang hawezi kulikwepa. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa serikali ya Kanada, shirika la umma la NAFCO lilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika uwanda wa Basotu. Mashamba yalifikia saba, na eneo lake likawa zaidi ya ekari laki moja. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga, nayo ilikuwa sehemu yenye rutuba ambayo mzunguko wao wote wa kuhamisha mifugo uliitegemea. Wananchi walilalamika kwamba njia za ng'ombe na za maji zimefungwa, na kwamba hata makaburi ya wazee wao yamelimwa kwa trekta. Anayejua maana ya bung'eda, kaburi la heshima lijengwalo kwa ibada ndefu, anaelewa kuwa lalamiko hilo halikuwa la majani tu.

Mwaka 1981 baraza la kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji wengine walifungua kesi dhidi ya NAFCO. Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mahakama ya Rufani ikautengua, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule. Leo NAFCO haipo tena. Kumbukumbu haikufa pamoja nayo.

Tunaitaja habari hii kwa sababu inapima mahubiri yetu. Mhubiri anayesimama mbele ya watu hao na kuwaambia tu, "Sameheni, mwachieni Bwana," anasema neno la kweli kwa namna ya uongo. Hajamtaja aliyekosa, hajalitaja kosa, hajaitaja ardhi. Kitu pekee alichokitaja ni moyo wa aliyekosewa, kana kwamba ugonjwa wote umo humo.

Neema rahisi ni rahisi kwa nani?

Dietrich Bonhoeffer, Mlutheri wa Ujerumani aliyenyongwa na utawala wa Hitler tarehe 9 Aprili 1945, alichapisha mwaka 1937 kitabu chake juu ya ufuasi, ambamo alitofautisha neema rahisi na neema ya thamani. Wanafunzi wengi wa theolojia wanaifahamu tofauti hiyo. Yeye aliwalenga Walutheri wenzake waliolifanya fundisho la kuhesabiwa haki kuwa mto wa kulalia: dhambi ilihesabiwa haki, naye mwenye dhambi akabaki kama alivyokuwa.

Tunakubaliana naye, lakini tukimsoma tukiwa Hanang tunaona swali ambalo tofauti hiyo peke yake hailijibu. Jicho lake liko zaidi kwa mfuasi na Bwana wake. Aliyeumizwa na mfuasi huyo haonekani sana. Sisi tunalazimika kuongeza neno. Hakuna neema iliyo rahisi kwa watu wote kwa pamoja. Inapofanywa rahisi kwa mkosaji, gharama yake haipotei. Huhamishiwa kwa aliyekosewa. Shemeji alipewa amani ya dhamiri, na bei ya amani hiyo ikalipwa na mjane kwa mavuno yake, mwaka baada ya mwaka. Kristo alilipa gharama ya neema kwa mwili wake mwenyewe. Hakumtuma mjane akailipe.

Kujitoa si kunyamaza

Neno la pili, kujitoa, limepatwa na jambo lile lile. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, iliyokuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, tope na mawe viliporomoka kutoka mlima Hanang vikafunika sehemu za mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Katika msiba wa namna hiyo mhubiri hujaribiwa kusema upesi kwamba ni mapenzi ya Mungu na kwamba waliobaki wajitoe kwake bila kuuliza.

Lakini Bwana wetu alipojitoa kikamilifu Gethsemane aliomba kwanza kikombe kimwepuke, na msalabani alilia kwa maneno ya zaburi ya aliyeachwa. Kujitoa kwake kulikuwa na sauti. Zaburi za maombolezo ni sehemu kubwa ya kitabu cha Zaburi, nazo ni sala halali za watu waliojitoa kwa Mungu. Anayemlilia Mungu bado anamtegemea Mungu. Basi tukifundisha kujitoa kusikoruhusu kilio, tutakuwa tumefundisha ukimya, na ukimya humfaa zaidi aliyesogeza mpaka.

Tunachoweza kujifunza kwa wazee

Hapa yatupasa kuwasikiliza wazee wa nchi hii, bila kuwatukuza kupita kiasi. Wairaqw wana slufay, sala ndefu ya kishairi isemwayo na mzee mbele ya watu waliokusanyika, nao wakimwitikia. Ni sala ya wote: mmoja husema, lakini waombao ni jamii nzima, wakitaka mabaya yaondoke kwao na heri ije. Tukiilinganisha na ushuhuda wa kawaida wa mikutano yetu, tofauti ni dhahiri. Katika ushuhuda nafsi ni "mimi": nilikuwa mwenye dhambi, nikasamehewa, sasa nina amani. Yule niliyemkosea ama hatajwi, ama hutajwa kama mapambo ya hadithi. Hayupo pale kuitikia.

Wairaqw walikuwa pia na metimani, hali ya kutengwa iliyompata mtu au nyumba baada ya misiba ya aina fulani, kama vifo au kuharibika kwa mimba. Desturi hiyo Injili inaihukumu, kwa kuwa ilimwekea mzigo mtu asiyekosa; Bwana alimruhusu mwanamke mwenye kutokwa damu amguse, akamwita binti (Mk 5:25-34). Hata hivyo desturi hiyo nayo inatuuliza swali. Ilijua kwamba lililompata mmoja linawahusu majirani wake, na kwamba kurudi katika ushirika ni jambo la hadhara lenye hatua zake. Sisi tumeondoa mzigo usio wa haki, na hapo tumefanya vema. Lakini tumeondoa pia ile hadhara, tukaifanya dhambi kuwa siri kati ya mtu na moyo wake.

Je, huku ni kurudi kwenye matendo?

Msomaji wa Kilutheri atauliza kwa haki: je, tukidai kurudisha, hatujaifanya neema kuwa mshahara? Jibu limo katika habari ya Zakayo (Lk 19:1-10). Bwana aliingia nyumbani mwake kabla Zakayo hajarudisha hata senti. Neema ilitangulia. Lakini neema ilipokwisha kuingia mlangoni, mali ya watu haikuweza kubaki ndani. Kurudisha mara nne hakukuwa bei ya wokovu; kulikuwa dalili kwamba wokovu umefika. Ndivyo pia Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 lifundishavyo katika kifungu cha 12: toba ni majuto na imani, kisha matendo mema hayana budi kufuata kama matunda ya toba. Tukihubiri mizizi na kukataza matunda hatulindi fundisho la neema, tunalikausha.

Swali jingine ni zito zaidi. Je, aliyekosewa angoje mpaka arudishiwe ndipo asamehe? Hapana. Bwana aliwaombea waliomsulubisha wakiwa bado wanagawana mavazi yake. Aliyekosewa anaweza, kwa nguvu ya Roho, kuachilia chuki na kisasi kabla hajapata chochote, na wako wakristo katika nchi hii waliofanya hivyo. Lakini yafaa kutofautisha kusamehe na kupatana. Kusamehe kwaweza kuwa kwa mmoja. Kupatana kunahitaji wawili, na kati yao lazima pawepo ukweli. Tena, msamaha ni zawadi iliyo mkononi mwa aliyekosewa. Mchungaji anaweza kumwombea aweze kuitoa. Hawezi kuitoa kwa niaba yake, wala hana ruhusa ya kumnyang'anya.

Hitimisho

Kanisa letu lina chombo tayari, nacho ni utaratibu wa kutengwa na kurudi kundini. Tuuchunguze tunavyoutumia. Mara nyingi wanaosimama mbele ya usharika ni wasichana waliopata mimba na watu wanaoishi bila ndoa ya kanisani. Ni mara ngapi tumemwona mtu akirudi kundini kwa sababu alisogeza mpaka, alidhulumu mirathi ya yatima, au aliswaga ng'ombe wa jirani? Dhambi zinazoonekana kwenye mwili wa msichana tunazijua upesi. Zile zinazoonekana kwenye mpaka wa shamba hatuzioni hata tukizikanyaga.

Hatupendekezi sheria mpya. Tunapendekeza mambo ambayo kila mchungaji na kila mwanafunzi anaweza kuyaanza: ahubiri Mathayo 18 yote, si nusu yake, aulize katika kila suluhu ni kitu gani kilichukuliwa na kiko wapi sasa, na asitangaze amani kabla hajaenda kwa miguu yake mwenyewe mpaka mahali penyewe pa ugomvi, akiwa na wazee wa usharika kama mashahidi.

Imani ya kweli huishi kwa neema tu, hilo hatuliachi. Lakini neema hiyo ilifanyika mwili, ikakaa kwetu, katika nchi yenye mashamba na mipaka. Yule mjane bado ni msharika. Deni letu kwake halijalipwa, nasi hatutamwomba tena asamehe kabla hatujarudi kule shambani.