Boma la Mikindani: Gofu Lililogeuka Malazi

Jamani, asikudanganye mtu kwamba dawa ya jengo kuukuu ni tingatinga! Nimeliona Boma la Mikindani kwa mara ya kwanza na moyo bado unanienda mbio. Nimetoka kwetu Nyamigogo, mkoani Kagera, nikaikata nchi nzima hadi Mtwara, na nikiambiwa nirudi kesho, narudi.

Limekaa mlimani juu ya mji, jeupe pe! Wajerumani walilijenga mwaka 1895. Baada ya utawala wa Waingereza kuhamishia shughuli zake Mtwara, kazi zikapungua, na mwisho wake likabaki gofu. Miaka ya 1990 shirika la hisani la Kiingereza, Trade Aid, likalifufua na kuligeuza hoteli.

Weka kiganja ukutani ndipo utajua kazi iliyofanyika. Ukuta haukunyooka kama wa nyumba zetu za tofali na saruji. Una mabonde na vilima vidogo, kwa kuwa ndani yake ni mawe ya matumbawe na chokaa. Na hapa ndipo ninapovua kofia! Saruji hufungia unyevu ndani ya kuta za namna hii, chumvi ikaanza kuzila na lipu ikabanduka vipande. Chokaa huuacha ukuta upumue. Fundi aliyeshika chokaa ameliongezea jengo umri.

Pita mlango wa nakshi, uingie uani, upande mnarani. Ghuba yote iko chini yako, ile ile ambako David Livingstone alishuka mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho. Upepo wa bahari unakupiga usoni. Raha iliyoje!

Kinachonifurahisha kuliko vyote ni kwamba hawakulifunga kamba likatazamwe kwa mbali. Watu wanalala humu, wanakula humu, na vijana wa Mikindani wamejifunzia humu kazi za hoteli. Na si Mikindani tu: huko Utrecht, Uholanzi, kanisa la Mtakatifu Jakobus la mwaka 1870 limegeuzwa nyumba ya kuishi na wasanifu wa Zecc: matao yale marefu yamebaki juu, sebule na jiko vikaingia chini yake. Wapo watakaosema ni kufuru. Mimi nasema heshima ya jengo ni kutunzwa, na jengo halitunzwi kama halina mwenyeji. Paa likivuja juu ya kitanda cha mtu, litazibwa siku hiyo hiyo. Likivuja juu ya popo, nani atajua?

Ndugu zangu wa Kagera, nasi tuna boma la Mjerumani pale Biharamulo, na majengo ya kale ya misheni mkoani kwetu si haba. Kabla ya kung'oa bati moja, tuulizane kwanza: nani anaweza kuhamia humu? Mwenye shaka aende Mikindani, alale hata usiku mmoja. Nampa Boma alama zote!