Kiti cha Bitok

Kumshusha kocha Paul Bitok hadi kuwa msaidizi kabla ya Olimpiki ya Tokyo lilikuwa kosa la wazi, na hadi leo sijasikia hoja ya kiufundi ya kulitetea. Za fedha nimezisikia tele. FIVB, shirikisho la wavu la dunia, ilileta wataalamu kutoka Brazil, Luizomar de Moura akakabidhiwa Malkia Strikers, timu ya taifa ya wavu ya wanawake ya Kenya, na aliyeipa Kenya tiketi kule Yaoundé, Januari 2020, akawa wa pili kwenye benchi lake mwenyewe.

Mechi tano kule Tokyo, zote 0-3. Sizililii zote, Brazil na Serbia wangetufunga hata tungewekewa malaika pale. Inayoniuma ni Korea Kusini: 14-25, 22-25, 24-26. Namba hizo ni za timu inayopanda. Seti ya tatu tumefika 24 mbele ya Kim Yeon-koung na wenzake. Hapo kocha amebaki na mabadiliko na mapumziko ya sekunde 30, kama bado anayo. Sekunde 30 hazifundishi kitu. Zinatosha kumkumbusha Mercy Moim jambo mlilolirudia mazoezini hadi likachosha: sevi imlenge nani, bloku ifunge mstari au ikae kwenye krosi, mpira wa pili aende nao Sharon Chepchumba hata kama ukumbi mzima unajua unakwenda kwake. Lugha fupi ya namna hiyo hujengwa kwa miaka. Luizomar alikuwa na miezi. Bitok, aliyekuwa na timu hii Rabat 2019 ilipotwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika, na kabla ya hapo akala chumvi nyingi na timu za taifa za Rwanda, alikuwa palepale benchi, ila neno la mwisho halikuwa lake.

Haki ya Luizomar nampa: Osasco ilikuwa bingwa wa dunia wa klabu 2012 chini yake, na ulinzi wa nyuma wa Kenya ulipata nidhamu. Basi.

Sisi wa Singida, huku Tanzania, ugonjwa huu tunaujua. Klabu yetu ya soka, Singida Black Stars, ilimsimamisha kocha Patrick Aussems Novemba 2024, timu ikiwa sehemu ya juu ya msimamo. Huyo ni Mbelgiji, kwa hiyo msiniambie nachukia wageni. Ninachokichukia ni kumng'oa mtu kazi ikiwa jikoni. Nikirudi kwenye wavu, kwetu unachezwa nje, kwenye upepo huu ambao watu wanataka kuugeuza umeme, na mwalimu wa michezo wa sekondari anajua ni binti gani anapokea sevi inayoelea upepo ukitokea mashariki, na yupi amfiche nyuma ya mwenzake. Ujuzi huo hauji kwa ndege.

Na kwa kuwa nimeshaanza: kikosi cha Olimpiki ya Sydney 2000, cha Violet Barasa na Dorcas Ndasaba, kingewaacha benchi wengi wa hawa wa Tokyo. Moim angepata namba. Chepchumba, labda. Kwa seta ndiyo kabisa. Tangu Janet Wanja wa Athens 2004, Mungu amlaze pema, sijamwona anayejua kuficha pasi hadi bloku ya wapinzani inaruka mahali pasipo na mpira.

Mtanirushia Olimpiki ya Paris. Kweli, Japheth Munala, Mkenya, aliyechukua ubingwa wa Afrika 2023, alikwenda huko 2024 akafungwa 3-0 na Brazil, Poland na Japani. Uraia wa kocha haumzuii Mpolandi kupiga juu ya bloku yako. Lakini Munala alifungwa na timu aliyoipanga mwenyewe, na alichokiona Paris alirudi nacho Nairobi. Luizomar, katika ile 24-26 ya Tokyo, alifungwa na timu aliyojengewa na Bitok.