Banda la Farasi Omugo: Ukuta Uko Mtoni

Farasi ni mnyama adimu West Nile, Uganda, na uadimu huo hausababishwi na gharama za ujenzi. Matofali ya kuchoma yanapatikana, mafundi wapo, nyasi za kuezekea zipo, na mabati yanauzwa Arua mjini. Kilichopungua ni usalama wa mnyama mwenyewe. Omugo, iliyo katika wilaya ya Terego iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2020, imekaa kwenye nchi ya mito midogo inayoteremka kuelekea Nile. Chini ya vichaka vya kingo za mito hiyo huishi mbung'o wa aina ya Glossina fuscipes. Huyu ndiye aliyeamua kwa muda mrefu ni mifugo gani idumu huko na ipi ife. Mwenye kiwanja anayetaka kujenga banda la farasi anapaswa kujibu swali moja kabla ya kuchimba msingi: banda hilo litamkinga mnyama na nini?

Ulaya jibu ni baridi na theluji. Omugo hakuna baridi ya kumuua farasi, na mvua yenyewe, kwa mnyama aliye mzima, ni adha tu. Hatari ni magonjwa mawili yanayoletwa na wadudu wawili, na wadudu hao wamegawana saa za siku.

La kwanza ni maradhi ya farasi ya Afrika, ugonjwa wa virusi vyenye aina tisa, unaoenezwa na usubi. Farasi aliyeshikwa mapafu hutokwa na povu puani na hufa kwa kukosa pumzi. Katika sura hiyo ya ugonjwa vifo vinaweza kufikia asilimia 95. Usubi huuma kuanzia jua linapozama hadi alfajiri, na kwa hiyo wafugaji wa kusini mwa Afrika walijifunza zamani kuwaingiza farasi ndani kabla ya magharibi na kutowatoa mpaka jua lipande. Huo ni ulinzi ambao banda linaweza kuutoa, lakini si banda lolote. Usubi ni mdogo kiasi cha kupenya matundu ya chandarua cha kawaida cha mbu, hivyo wavu wa madirishani lazima uwe wa matundu madogo zaidi au uwe umetiwa dawa ya jamii ya pirethroidi. Hapo fundi anakutana na mgongano. Wavu mzito hupunguza upepo, na mkojo wa farasi hutoa hewa kali ya amonia inayochoma mapafu yaleyale yanayolindwa. Suluhisho la kawaida ni paa la juu, lenye mita tatu na zaidi, uwazi chini ya kilele cha paa ili joto litoke, na madirisha makubwa pande mbili zinazotazamana, yote yakiwa na wavu. Bati tupu bila nyasi au dari chini yake hugeuza banda kuwa tanuri ifikapo Februari.

Ugonjwa wa pili ni nagana, unaoletwa na vimelea vya Trypanosoma ambavyo mbung'o huvibeba. Ng'ombe wa kienyeji anaweza kuishi navyo miezi mingi, akikonda na kutupa mimba. Farasi hana uvumilivu huo: homa hupanda, miguu na tumbo huvimba, damu hupungua, na asipotibiwa mara nyingi hufa. Dawa zipo, ila ile inayotumiwa sana kwa ng'ombe, diminazini, huwadhuru farasi kwa urahisi, na mtu aliyezoea kudunga ng'ombe anaweza kumuua farasi kwa nia njema kabisa.

Mbung'o huuma mchana. Hapa ndipo hesabu nyingi za banda hukosea. Banda hutatua tatizo la usiku, wakati tatizo kubwa la bonde la Nile huja mnyama akiwa malishoni, akinywa maji mtoni au akivuta mzigo njiani. Farasi anayefungiwa usiku kwa usubi na mchana kwa mbung'o hana kazi yoyote aifanyayo isipokuwa kula.

Historia ya eneo inathibitisha hayo. Msafiri Mwingereza Samuel Baker alipoondoka Gondokoro mwaka 1863 kutafuta ziwa ambalo baadaye aliliita Albert, alikuwa na farasi, ngamia na punda. Alipokwama Obbo, mashariki ya Nile katika Sudan Kusini ya leo, wanyama hao walimfia mmoja baada ya mwingine. Alilazimika kufundisha maksai watatu kupandwa, akawapa majina ya kizungu yenye asili ya jikoni, ya nyama na mafuta. Mmoja wao, aliyekuwa maksai wa fahari, aliumwa na nzi akakonda, na Baker akambadilisha jina akamwita Mifupa. Ni mzaha, lakini pia ni ripoti fupi ya mifugo: hata ng'ombe aliyebaki hai alibaki kwa shida.

Kwa hiyo ukuta wa kwanza wa banda la farasi Omugo uko mtoni, na sehemu yake tayari imekwisha kujengwa, ingawa si kwa ajili ya farasi. Mbung'o huyuhuyu hueneza malale ya binadamu ya aina ya gambiense, na Omugo ina nafasi yake katika historia ya ugonjwa huo. Kituo cha matibabu cha malale kilichoendeshwa hapo na Médecins Sans Frontières ndicho kilichofanya, mwaka 2001 na 2002, jaribio la mchanganyiko wa dawa mbilimbili kwa wagonjwa 54 waliokuwa katika hatua ya pili. Mchanganyiko wa nifurtimoksi na eflonithini ulishinda mingine, na mwaka 2009 ukaingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Dawa huponya mtu, haimwondoi mdudu. Kazi ya kumwondoa ilifanywa kwa njia ya bei nafuu sana. Badala ya mitego mikubwa ya zamani, watafiti walisimika kando ya mito kijibao chenye kitambaa cha buluu cha sentimita 25 kwa 25 kilichounganishwa na wavu mweusi wa ukubwa uleule, vyote vikiwa vimetiwa deltamethrini. Mbung'o wa mtoni huvutwa na buluu, hugonga wavu, hufa. Jaribio lililoanza mwaka 2011 katika Arua na Maracha, kwenye eneo la kilomita za mraba 500 hivi, lilipunguza mbung'o kwa zaidi ya asilimia 90, kisha njia hiyo ikapelekwa wilaya nyingine za West Nile. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeondoa malale ya gambiense kama tatizo la afya ya umma.

Mfugaji asisome ushindi huo kupita kiasi. Kupungua si kwisha. Vijibao huchakaa kwa jua, huchukuliwa na mafuriko, na dawa yake huisha nguvu, hivyo lazima vibadilishwe. Mbung'o wa mtoni hula pia kwa kenge, ambaye hakuna anayempaka dawa. Na malale ya watu yakishaadimika, fedha za kutunza vijibao hugeuka kuwa jambo la kuombewa kila mwaka. Nagana kwa farasi mmoja inahitaji mbung'o mmoja tu mwenye vimelea. Anayekusudia kufuga anahitaji kujua kutoka kwa ofisi ya mifugo ya wilaya kama vijibao vya mto ulio karibu naye bado vinatunzwa, na kuongeza ulinzi wake mwenyewe: kumpaka mnyama pirethroidi miguuni na tumboni, ambako mbung'o hupendelea kutua, na kunywesha kutoka kisimani badala ya mtoni.

Kisimani ndiko hesabu ya pili inakofanyika. Farasi wa kilo 400 kwenye joto hunywa lita 30 hadi 45 kwa siku. Farasi ni mnyama wa kundi na akiwa peke yake huharibika tabia, kwa hiyo mpango wa uaminifu ni wa wawili: lita 60 hadi 90, yaani jerikani tatu hadi nne na nusu. Katika makazi ya wakimbizi ya Omugo, yaliyofunguliwa mwaka 2017 kama nyongeza ya makazi ya Rhino Camp, lengo la UNHCR ni lita 20 kwa mtu kwa siku. Farasi wawili wangekunywa fungu la watu watatu hadi wanne na nusu, kwenye foleni ileile ya bomba. Jirani hatahitaji kueleweshwa hesabu hiyo.

Chakula ni kigumu zaidi kuliko maji. Farasi hula majani makavu ya takriban asilimia 2 ya uzito wake, yaani kilo 8 kwa siku. Kuanzia Desemba hadi Machi, nyasi za West Nile hukauka au huchomwa moto, na wanyama wawili watahitaji karibu tani 2 za majani yaliyokatwa Oktoba na Novemba, yakakaushwa na kuhifadhiwa juu ya ardhi, mbali na mchwa. Majani ya karanga yanafaa, mradi hayajaota ukungu. Mahindi na pumba zenye ukungu, ambazo kuku hula bila mfugaji kuona shida, zinaweza kuharibu ubongo wa farasi. Na kwa kuwa farasi hawezi kutapika, kosa la chakula huishia kwenye msokoto wa tumbo.

Ardhi ina sheria zake. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 inatambua umiliki wa kimila, ambao ndio wa sehemu kubwa ya West Nile, na mwenye shamba la ukoo anaweza kujenga baada ya kuafikiana na wazee juu ya njia ya mifugo na mipaka ya mashamba. Kwa mkimbizi, kanuni za mwaka 2010 zinampa haki ya kulima na kuchunga kwenye kipande alichogawiwa bila haki ya kukiuza wala kukipangisha. Jengo la matofali juu ya ardhi hiyo ni mali asiyoweza kuihamisha wala kuirudisha kuwa fedha.

Vipimo vyenyewe ni rahisi. Chumba cha farasi mmoja ni mita 3.6 kwa 3.6, mlango wa mita 1.2 upana, sakafu ya udongo ulioshindiliwa wenye mteremko mdogo. Nguzo za mtiki hustahimili mchwa kuliko mikaratusi mibichi. Samadi ya wawili hupita tani moja kwa mwezi, neema kwa mwenye shamba la mihogo, kero kwa mwenye kiwanja kidogo ambacho tayari kina nyumba, jiko na choo.

Ukiondoa mapambo, kazi anayoweza kufanya farasi Omugo ni kubeba na kuvuta. Punda huifanya kwa chakula kidogo, na maradhi ya farasi ya Afrika humdhuru kidogo tu, ingawa nagana bado inaweza kumuua. Maksai wa kienyeji hulima, na daktari wa mifugo aliye karibu anamfahamu, wakati mtu mwenye uzoefu wa kwato na meno ya farasi hupatikana zaidi Kampala au Jinja, ambako mabanda ya kupanda farasi yapo. Kwa kiwanja cha kawaida Omugo, banda linalolipa ni la mbuzi: sakafu ya fito iliyoinuliwa mita moja, nyufa za sentimita moja na nusu ili kinyesi kidondoke, mita ya mraba moja na nusu kwa kila mbuzi mzima. Banda la farasi lijengwe na mwenye shamba kubwa, kisima chake mwenyewe, ghala la majani lililojaa kabla ya Desemba, na uhakika wa tiba ya farasi. Mwenye kukosa kimojawapo asijenge.